Kamera Nyepesi ya Mkwe

Masara, 4 Februari 2025

Mpendwa Mama,

Pokea salamu nyingi kutoka Masara. Sisi ni wazima. Lynnet anaendelea na kazi yake kwenye duka la dawa, nami bado nachomelea mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Je, miguu yako imepungua uvimbe? Na watu bado wanakuja studio kupigwa picha za pasipoti?

Nimeona nikuandikie, maana kwa mila zenu Wajaluo mkwe hakai na mama mkwe wakapiga soga ana kwa ana, na sisi Wakuria hatuko mbali na hapo. Karatasi haioni haya. Nina ombi dogo. Nataka kununua kamera ya kusafiri nayo, ya kupiga picha za mandhari: milima, mabonde, ziwa. Iwe nyepesi. Nasikia kuna hizi za mirrorless, zisizo na kioo ndani, lakini aina ni nyingi na lenzi ni nyingi zaidi, na muuzaji ukimuuliza anakusukumia ile ya bei ya juu. Wewe umeshika kamera tangu kabla Lynnet hajazaliwa. Nichukue ya namna gani, na lenzi zipi?

Jibu mpe Omondi wa matatu, atanifikishia.

Mkwe wako,
Maroa

Homa Bay, 11 Februari 2025

Mkwe wangu Maroa,

Salamu katika jina la Bwana. Miguu ni ileile, asubuhi mizuri, jioni kama maboga. Studio iko, ingawa siku hizi kila mtu ana simu na kila mtu ni mpiga picha.

Mkwe hanyimwi, kwa hivyo nitakujibu. Lakini niache nishangae kwanza. Tangu umuoe binti yangu sijasikia ukisifu hata kichuguu. Siku ya mahari ulisimama mbele ya ile picha yangu kubwa ya milima ya Gwassi, ukauliza choo kiko wapi. Leo unataka mandhari?

Haya. Usiende kwa zile ambazo sensa, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, ni kubwa kabisa. Mwili wake ni mdogo, lakini lenzi zake ni nzito kama jiwe la kusagia. Chukua ya sensa ya wastani, wanaiita APS-C. Kwa mandhari inatosha, hata ukitaka picha ya kutundika ukutani. Usilipie lenzi za kasi, zenye tundu kubwa la mwanga, milima haikimbii. Ya f/4 ni sawa, maana kazi nyingi utalifunga tundu hadi f/8 ili mawe ya karibu na kilima cha mbali vyote vionekane vizuri. Lenzi mbili tu: moja pana, ya milimita kumi hadi kumi na nane, na nyingine ya kati ya kufanya kazi za kila siku. Usizibadilishe kwenye vumbi la Masara. Nunua betri za ziada, kamera hizi zinakula umeme. Na tripodi, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, usiache.

Sasa nijibu na mimi. Kwa nini iwe nyepesi? Mtu anayebeba mitungi ya gesi begani anaogopa kilo mbili? Unasafiri wapi, na nani, na Lynnet anabaki na nani? Nauliza tu. Hamjanialika kwenu rasmi, na mama mkwe hajipeleki, kwa hivyo macho yangu ni haya maswali.

Mama mkwe wako,
Awino

Masara, 20 Februari 2025

Mpendwa Mama,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Hapa mvua imenyesha mara moja, ikatuachia matope. Lynnet anakusalimu sana.

Asante kwa mafundisho. Kuhusu safari, ni za hapa na pale, Jumapili kwa Jumapili. Usiwe na wasiwasi.

Nimepita dukani Migori nikaona mbili zilizo kama ulivyosema. Moja ni bapa kama kipande cha sabuni, nyingine ina mshiko wa mbele wa kukamata kwa vidole. Kwa mtu mwenye mikono midogo, ipi ni bora? Na kuna mkanda ambao haukwaruzi shingo laini?

Mkwe wako,
Maroa

Homa Bay, 26 Februari 2025

Maroa,

Mimi ni mzima. Natumaini nanyi ni wazima, hasa mtoto wangu.

Mikono midogo! Mikono yako niliiona siku ya mahari ikishika kikombe, kikombe kikapotea. Na shingo laini, Maroa, ni ya nani? Yako ina kovu la cheche za moto.

Nilikuwa nimenyamaza, lakini lisemwalo lipo. Beverly, jirani yangu anayepeleka mitumba sokoni Magunga, alikuona huko Jumapili iliyopita. Ulikuwa na mwanamke. Huyo alimpa Beverly mgongo, lakini Beverly anasema alivaa suruali na kofia ya kiume, viatu vimejaa matope, nawe ukamnunulia soda ukamfungulia wewe mwenyewe. Mtoto wangu nimemlea Kisabato. Hajawahi kuvaa suruali maishani mwake. Kwa hivyo usiniambie ni yeye.

Mtu anayetafuta mzigo mwepesi ana safari asiyotaka ijulikane. Unataka kumwacha binti yangu, nami ndiye ninayekuchagulia vifaa vya kuondokea. Mficha maradhi kifo humuumbua. Sema mapema, nije na shangazi zake tumchukue kwa heshima kabla hajaaibika.

Chukua yenye mshiko. Mkanda uwe mpana, wa kitambaa. Nimekujibu kwa sababu mkwe hanyimwi, si kwa sababu nimeridhika.

Mama Lynnet

Masara, 17 Machi 2025

Mpendwa Mama,

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Natumaini miguu inaendelea vizuri.

Mwanamke wa Magunga ni Lynnet. Suruali ni yangu, aliikunja kiunoni akaifunga kwa kamba. Huwezi kupanda Gwassi na sketi ya kanisani. Tangu mwaka jana, kila Jumapili anaenda huko na kamera kuukuu ya kuazima, nami namngojea chini sokoni. Kamera mpya ni yake. Yeye ndiye aliyeniambia nikuandikie. Alisema, "Nikiomba mimi, Mama atasema milima hainunui picha, nirudi dukani. Ukiomba wewe, hawezi kukunyima." Nikakubali kumfichia, kwa sababu akishuka kule juu anaongea njia nzima hadi nyumbani, na mimi napenda kumsikia.

Nimeshanunua, yenye mshiko, pamoja na lenzi zote mbili. Alipoishika alilia.

Lakini Mama, sentensi yako moja haijanitoka. Ulisema anayetafuta mzigo mwepesi ana safari asiyotaka ijulikane. Mimi sikutaka iwe nyepesi. Ni yeye. Na sasa anazungumza kuhusu kwenda visiwa vya ziwani, halafu Turkana, na hasemi "sisi". Usiku nahesabu nguo zake kwenye kamba. Sikuwa hivi. Wewe ndiye uliyemzaa, unamjua. Niambie, ananiacha?

Mkwe wako,
Maroa

Homa Bay, 21 Machi 2025

Mkwe wangu,

Namshukuru Mungu kwa uzima. Barua yako imenikalisha chini.

Kwa hivyo ni Lynnet. Suruali! Na mimi hapa nikimlilia kumbe yuko mlimani. Nimekuonea, na hilo nalisema wazi.

Lakini umeniuliza, nami sijui kudanganya. Siwezi kuapa kwamba hakuachi. Lynnet tangu utotoni ni mtu wa kuondoka bila kuaga. Ungemtuma chumvi, ungempata ziwani akitazama upande wa pili. Kama aliweza kunificha mimi mwaka mzima, na wewe anaweza kukuficha. Mchunguze. Angalia anapakia nini. Kisha muulize waziwazi.

Mama mkwe wako,
Awino

Masara, 29 Machi 2025

Mama,

Salamu. Sitaandika mengi.

Nilifanya ulivyosema. Niliangalia begi lake akiwa kazini, na jioni nikamuuliza kama ananiacha. Alikuwa anapangusa lenzi kwa kitambaa. Aliiweka chini polepole. Aliniuliza nani amenitia neno hilo kichwani. Nikasema ni mawazo yangu tu. Sikukutaja, Mama, na sitakutaja.

Akasema, "Nilidhani wewe ndiye mtu pekee asiyenichunguza." Visiwani alitaka twende wote. Alikuwa akingoja niombe ruhusa kazini ndipo aniambie.

Jana jioni aliondoka na mfuko wa nguo. Kamera ameiacha mezani na lenzi zake zote mbili. Simu yake imezimwa, na yako sithubutu kuipiga. Kama yuko kwako, nijulishe tu kwamba amefika salama. Sitaki zaidi ya hapo.

Maroa

Ujumbe wa simu, 30 Machi 2025

Maroa mwanangu, yuko hapa, mzima. Alifika usiku wa juzi, akalala studio. Aliniambia umemshuku, nami sikumwambia kwamba neno hilo lilitoka kwangu, nikaimba nyimbo za Sabato mchana kutwa. Barua yako ilipofika leo nikamsomea, na zangu zote nikamwambia. Anaosha vyombo kwa kelele, na vingine vilikuwa visafi.

Njoo leo. Utaingia nyumbani kwangu na utakaa mezani, wazee wa Kijaluo wakiniuliza nitajua la kuwaambia. Usije kumchukua. Mletee kamera yake, umuulize safari ni lini, umsikilize mpaka amalize.

Mimi nitapika, na sitauliza kitu.

Mama yako,
Awino