Isale ya Baba Mdogo Elia

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, maana nikianza na habari za mvua na kahawa nitaogopa na kuishia hapo hapo. Kila Jumapili, Bibi akishakwenda kanisani na kuniachia ufunguo, namfungulia Baba Mdogo Elia. Tunashuka migombani mpaka mpakani, kwenye ua wa mimea ya masale, naye anatembea mikono nyuma kama mtu anayekagua kihamba, shamba lake la urithi. Tukisikia wanawake wanarudi wakiimba, tunapanda haraka. Anaingia mwenyewe chumbani, nami nafunga kufuli. "Haya, bwana jela, kazi njema," huniambia. Ananitania.

Wewe ndiye uliyenifundisha, ingawa hukujua kwamba unafundisha. Unakumbuka likizo yako ya mwisho, alipokataa kula akisema kuna watu darini wanamcheka? Bibi alikuwa akimgombeza kutoka mlangoni. Wewe ulivua viatu, ukaketi sakafuni, chini kuliko yeye, ukasema, "Elia, mimi siwasikii, lakini naona wanakuchosha." Basi. Hukumbishia wala hukumdanganya. Baadaye alikula mtori bakuli zima. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako na kata ya maji, nikajua ni kazi gani ninayoitaka.

Siku ya kuondoka nilikubebea sanduku mpaka barabarani Mwika. Tulipokuwa tunangoja basi la kwenda Himo, wanawake waliokuwa na ndizi zao walikucheka. "Nesi mzima anarudi darasani kusomea wehu! Utarudi unaongea peke yako." Ulicheka nao. Kisha ukaniambia mimi, polepole, "Masomo ya kwanza yalinifundisha kufunga vidonda. Nilipomtazama ndugu yangu, sikujua nifunge wapi." Nilibaki na maneno hayo mwaka wangu wote wa mwisho wa shule.

Sasa nimechaguliwa, Shangazi. Chuo cha uuguzi kinafunguliwa baada ya Krismasi. Nikimaliza unesi wa kawaida naweza kukufuata kwenye huo wa magonjwa ya akili.

Bibi hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alikuja jikoni nikiwa namenya ndizi, akaniwekea jani la isale mapajani. "Mjukuu wangu, usiniache na mgonjwa. Baba yako na mama yako wako bondeni kwenye kazi ya miwa. Mimi nimezeeka. Nani atampa dawa zake? Nani atamshika akianza?"

Unajua mambo ya kwetu. Mtu akikujia na isale kuomba jambo, humkatalii, hata kama alimuua ndugu yako. Na huyu ni bibi yangu, hajanikosea kitu. Niliipokea. Mimi hata darasani nilikuwa naogopa kunyoosha kidole. Mbele ya isale ningesema nini?

Tangu siku hiyo nakata majani ya ng'ombe, nachota maji mferejini, napeleka chakula, nafunga mlango. Wasichana tuliomaliza nao wanapita njiani wakinihesabia nguo watakazochukua vyuoni, nami nawaambia nitafuata. Baba Mdogo hutoka Jumapili. Mimi sitoki siku yoyote.

Jumapili iliyopita alinitazama tukiwa migombani. "Leo uso wako umeshonwa vibaya," akasema. "Nani fundi?"

Nikamweleza yote. Alizunguka nyuma yangu, akarudi mbele, nikadhani wale watu wa darini wamemrudia. Kumbe alikuwa ananipima kwa macho, kama alivyokuwa akiwapima wateja wake alipokuwa na cherehani Himo.

"Sare yako waipunguze mabegani," akasema. "Wewe huna mabega."

Akaenda kwenye ua, akachuma isale, akaifunga fundo vizuri, akanipa. "Mpelekee mama. Mwambie Elia anamwomba akuachie uende. Mimi ni mwanawe, atanikatalia?"

Shangazi, sijaipeleka. Masale yetu yako mpakani tu, na Bibi ataniuliza jani limefikaje mkononi mwa mtu aliyefungiwa. Wazee wa ukoo walishasema akionekana nje tena atatiwa mnyororo. Nikinyamaza, chuo kinanipita. Nikisema, ni yeye atakayelipa. Nimelichomeka jani juu ya meko, nyuma ya kuni, na kila nikipika naona linavyozidi kukauka.

Ninachokuomba ni kimoja. Njoo Krismasi. Uwe umemshika mkono Baba Mdogo, achume isale nyingine mbichi, ampelekee mama yake mwenyewe, wote wakiangalia kwamba anatembea vizuri na hamdhuru mtu. Mimi siwezi kuwaonyesha. Sauti yangu haifiki. Wewe wanakusikia, ingawa wanakucheka.

Ukijibu, kumbuka kwamba barua zako nazisoma mimi kwa sauti, Bibi akiwa ameketi karibu na majirani wakisikiliza. Usiandike habari ya kufuli wala ya Jumapili. Kama utakuja, niulize tu masale ya mpakani yanaendeleaje. Nitasoma bila kusita, nami nitaelewa.

Mpaka siku hiyo, tafadhali usimwambie mtu, hata baba. Tunaojua ni watatu tu, na mmoja wao hakuna anayemsadiki.

Ni mimi, binti wa kaka yako