Kura Bila Kikomo

Winnie, acha unachofanya usome hii. Tereza wetu ameaibishwa leo pale Buhongwa, barabarani, watu wakiangalia.

Unalijua lile bango kubwa la taa la mgahawa wa samaki? Leo walikuwa wanalibadilishia picha. Tereza ndiye aliyebuni hiyo mpya: sangara wa kukaanga, na maneno KULA BILA KIKOMO.

Mafundi wamevuta kitambaa, wamekikaza, wamewasha taa. Watu wakaanza kucheka. Tereza kuinua macho, anakuta KURA BILA KIKOMO.

Kura, Winnie. Na sangara pembeni, kama mgombea.

Kumbe bosi wake wa ofisi ya matangazo, Magesa, alimsomea mchapaji maneno kwa simu, na mchapaji akaandika alichosikia. Tereza akamwuliza mbona neno limebadilika. Magesa akasema, "Si ndiyo hiyo, kura chakura?"

"Bosi, sema kula."

"Kura."

Hasikii tofauti. Nakuambia kweli, hasikii.

Mara akafika mwenye mgahawa, Bi Maulida, amefura. Unajua Magesa alisema nini? "Huyu binti ndiye ariyeandika." Mbele ya mafundi wote.

Na Tereza akaomba radhi. Hilo ndilo linaloniuma. "Shikamoo mama, naomba unisamehe," kwa kosa lisilo lake.

Sasa yuko jikoni kwangu, anakata vitunguu ambavyo sikumwomba. Nimemwambia kesho asiende kazini. Anasema lazima awahi, kabla Magesa hajampigia tena mchapaji.