Mwalimu wa Hesabu na Timu ya Prefe

Siku ya kazi mbili, 13 Aprili 1999

Mguu unauma. Chai bila sukari. Ngoie ameenda shule mapema, viatu mkononi ili visichakae njiani. Mjukuu wangu wa kike, darasa la sita la sekondari, sehemu ya hesabu na fizika. Mwaka huu njo wa mtihani wa diplome. Anataka kuwa daktari. Mimi nilifika darasa la nne la primeri, kisha reli ikanichukua. Mpaka leo nahesabu siku kama watu wa reli: kazi moja, kazi mbili, mpaka posho ya Jumamosi na yenga ya Jumapili. Inanitosha.

Nimepita shuleni kwake. Chumba cha fizika kimekuwa gala ya timu ya mpira. Jezi zimeanikwa juu ya meza za majaribio. Ndani ya chupa za kemia wametia mafuta ya kukandia miguu ya wachezaji. Nikanusa. Mawese na pilipili. Sayansi hiyo.

Siku ya kazi tano, 16 Aprili

Timu imefanya mazoezi asubuhi nzima. Madarasa matatu yametolewa nje kushangilia. Si ruhusa, ni amri. Asiyeimba anapunguziwa alama za nidhamu.

Niandike nani ni nani, akili isije ikanitoroka. Prefe Kabamba njo mkuu wa shule na mwenye shule. Prefe Kabamba njo prezida wa timu. Mdogo wake njo trener wa wachezaji, na huyo huyo anasimamia masomo. Shemeji yake anapuliza filimbi. Bibi yake, mkewe Prefe, anauza munkoyo wa mahindi kando ya uwanja. Goli likiingia ukoo mzima unashiba. Na mimi naonja. Niko mshauri wa komite ya wazazi, basi siku ya mechi wananiwekea kiti cha kamba na kikombe kikubwa. Sina haya. Munkoyo wa yule mama ni mtamu kuliko hotuba za mume wake.

Siku ya yenga, 18 Aprili

Kanisani. Mahubiri marefu, benchi gumu. Nyuma yetu familia tatu mpya kutoka Kabalo, wamefika juu ya mabehewa ya mizigo, watoto na masufuria. Vita inasogea. Ndege za vita zinapita juu kwenda base ya jeshi, bati linatetemeka, pasta ananyamaza, anaanza tena.

Baba yake Ngoie, mwanangu, yuko Kalemie, upande ule ulioshikwa na waasi. Tangu vita ianze hakuna neno. Ngoie hamtaji. Anakokotoa hesabu tu.

Mwalimu Mutombo alikaa mbele yangu. Yeye njo anafundisha hesabu darasa la Ngoie. Koti moja, shingo kama ya kuku aliyenyonyolewa. Asubuhi anafundisha shule ya misheni, nyuma ya midi, alasiri, kwa Prefe. Nikamtania nje: "Mwalimu, upepo ukivuma tutakufungia jiwe." Hakucheka. Akasema Ngoie anaweza. Akasema hivyo tu, akaenda. Nimefurahi mpaka sasa. Mjinga mimi.

Siku ya kazi tatu, 21 Aprili

Wamemfukuza Mwalimu Mutombo.

Sababu ni Kyungu, mfungaji wa timu, wanamwita Mzinga. Kijana mwenye ndevu, darasa la sita kwa mwaka wa tatu. Karatasi yake ya mtihani ilikuwa na jina tu. Mwalimu akampa sifuri. Trener akamwambia aongeze. Mwalimu akakataa. Prefe akamwita mbele ya walimu wote: "Inchi iko mu vita, weye unaleta fujo!" Kana kwamba waasi wanamsubiri Mutombo awafundishe kugawanya.

Mtihani wa serikali ni Juni. Darasa la sita halina mwalimu wa hesabu. Ngoie amerudi, amekaa jikoni, hakula. Nimekasirika. Si kwa ajili ya Mzinga, yeye ananisalimia kwa mikono miwili. Nimemkasirikia yule mwenye kila kitu.

Siku ya kazi ine, 22 Aprili

Nimepata njia. Nimecheka peke yangu mpaka jirani akachungulia.

Prefe anaitwa Kabamba. Marehemu baba yangu aliitwa Kabamba. Kwetu Baluba, mwenye jina la baba yako ni baba yako, hata kama wewe unamshinda miaka thelathini. Siku zote namwita "Baba" kwa mzaha, naye ananiita "Mwanangu", tunacheka. Lakini mtoto akilala chini mbele ya baba yake, watu wakitazama, akaomba kitu, baba hawezi kusema hapana. Ni aibu isiyooshwa. Posho kuna mkutano wa wazazi. Tutaona.

Siku ya posho, 24 Aprili

Mkutano. Watu wamejaa, kwa sababu ya mvua na kwa sababu ya Mutombo. Prefe akasema maneno marefu: timu itacheza na maaskari mwezi wa tano, wakubwa wao wanapenda mpira, tukiwa marafiki zao shule italala salama. Watu wakaitika kwa kichwa. Woga una masikio makubwa.

Nikanyanyuka. Nikatembea mpaka mbele, nikalala chini na suti yangu ya pasaka. Nikapaka vumbi mikononi na kifuani. Nikapiga makofi kama mbele ya chifu. "Eyo, vidye! Baba, mtoto wako analia. Mtoto wako anaomba Mwalimu Mutombo."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Wamama wakapiga vigelegele. "Baba Kabamba, mupatie mutoto!" Prefe akatoa jasho. Akatazama huku na huku. Akasema: "Inuka, mwanangu. Nimekupa. Arudi."

Nilikuwa mfalme. Kwa muda wa kunyanyuka tu.

Kwani akanishika mkono, akanigeuza uso kwa watu, taratibu, kwa upole. Akasema: "Mutoto amepewa. Sasa mutoto anasaidia baba yake." Kwamba mazoezi yanahitaji muda. Kwamba mpaka mechi ipite, masomo ya nyuma ya midi yatasimama, kwa darasa lote la sita. Kwamba mshauri mkubwa wa komite, mwana wake, atasema kwa niaba ya wazazi. Mavumbi yake bado yako kifuani mwangu. Nimekula mkononi mwake sasa hivi. Nikatae vipi, pale pale? Kila mzee mle ndani angenitemea mate.

Nikasema: "Tumekubali."

Nikafikiri, si neno. Mwalimu amerudi. Nyuma ya midi ni muda mfupi.

Siku ya kazi moja, 26 Aprili

Ngoie amenieleza. Alisimama mlangoni, hakuweka hata begi chini.

"Tata, saa zote za Mwalimu Mutombo njo za nyuma ya midi. Asubuhi iko ku misheni. Ulikuwa unajua, hein?"

Nilikuwa najua. Niliandika mwenyewe humu. Lakini pale chini, na vigelegele vile, kichwa kilikuwa kimejaa sifa. Prefe hakusahau. Kwa hiyo mwalimu amerudi kwenye ratiba isiyo na saa. Amepewa kiti katika chumba cha walimu. Anakaa.

"Weye njo ulisema tumekubali. Batu bote banasema ni weye." Akaenda nyuma ya nyumba kutwanga. Alitwanga vibaya, kwa hasira, unga ukamwagika.

Mchana nikakutana na wazazi wawili wa darasa lake njiani. Wakanisalimia vizuri mno. Hiyo njo mbaya.

Siku ya kazi ine, 29 Aprili

Nimeenda kwa Mwalimu Mutombo na kuku. Amefunga vitu ndani ya magunia. Mke wake ni mtu wa Kabalo, ndugu zake wamejaa nyumbani, hakuna pa kukanyaga. Wanaenda Lubumbashi kwa treni, ikija. Huko kuna kaka.

Nikamwomba amfundishe Ngoie nyumbani, hizi siku zilizobaki. Akaendelea kufunga kamba. Akasema: "Tata, uliniomba kama banavyoomba mbuzi mu matanga. Mimi hukuniuliza. Ungeniuliza, ningekuambia saa zangu."

Nikatafuta kitu cha kumtania, mdomo wangu umezoea. Nikasema angalau kuku achukue. Akamchukua. Mke wake akanishukuru. Yeye hapana.

Nikarudi kwa mguu kupitia relini. Kuna fundi mmoja wa zamani, tulifanya kazi pamoja, ananiita, "Mwana wa Prefe, habari!" Nikapita.

Siku ya kazi ine, 6 Mei

Treni ilikuja jana. Mutombo ameenda.

Nimekwenda kwa Prefe ofisini. Hakuna watu, basi hakuna baba wala mwana. Nikamwambia darasa la sita litafeli. Akanionyesha picha ukutani, timu imesimama na kikombe. "Mzee, bazazi banaleta batoto huku juu ya nini? Juu ya ile." Kisha akasema jambo la kweli, nalichukia kwa sababu ni kweli: shule mbili za hesabu nzuri hapa mjini zimejaa watu waliokimbia vita, madirisha yamekuwa kuni. Ya kwake bado ina madirisha. Nikamwambia madirisha hayafundishi. Akacheka. Akaniambia nisisahau kiti changu siku ya mechi.

Siku ya yenga, 9 Mei

Mechi na maaskari. Uwanja umejaa. Nilienda. Ngoie hakuenda.

Sikukaa kitini. Nilisimama nyuma ya goli kati ya wauza karanga. Timu ilicheza vizuri nusu ya kwanza, halafu wakawa kama wamekula mchanga. Mabeki wanapisha. Kipa anaanguka upande usio na mpira. Dakika za mwisho penalti yetu. Mzinga, ambaye hakosi hata usingizini, akaupiga juu kwa wauza mandazi. Maaskari wakashinda. Wakubwa wao wakafurahi, Prefe akainama, akapeana mikono, akainama tena. Bibi yake aliishiwa na munkoyo.

Nilimkuta Mzinga nyuma ya chumba cha fizika, jezi imefunika uso. Nikafikiri ni jasho. Alikuwa analia, mtu mzima mwenye ndevu.

"Tata, trener alituambia tupoteze. Ata mupira habatuachie."

Kwa hiyo masomo ya nyuma ya midi yaliuawa ili vijana wafanye mazoezi ya kushindwa. Nimeliandika hapa kwa sababu nikilisema mjini watasema mzee amelewa. Nilitaka nisimwambie Ngoie. Nimemwambia. Hakushangaa. Hilo njo liliniuma.

Siku ya kazi mbili, 18 Mei

Masomo ya nyuma ya midi yamefunguliwa tena. Mwalimu mpya wa hesabu: trener. Anasoma kitabu kwa sauti mpaka kengele. Ngoie aliuliza swali, akaambiwa wasichana wanauliza sana.

Nimejitoa komite. Nilitangaza nikiwa nimesimama, bila vumbi, bila makofi. Hakuna aliyenizuia. Mzazi mmoja akauliza nani atachukua kiti changu cha uwanjani. Watu wakacheka. Mwezi uliopita ningecheka mimi wa kwanza.

Ngoie anafanya kazi peke yake, mezani, kila mchana. Kuna kurasa anafika, anasimama, anazitazama kama mtu aliyefika mtoni na hakuna mtumbwi. Halafu anaruka. Mimi nimekaa karibu. Sijui hata alama zile zinaitwaje. Ninafukuza inzi.

Siku ya kazi ine, 10 Juni

Redio inasema jeshi linasonga mbele. Watu wa Kabalo wanaofika stesheni wanasema lingine. Chumvi haipatikani. Malaria siku tatu. Ngoie alinipikia uji na kusoma sura ya fizika huku anakoroga. Uji ulishika chini. Nilikula wote.

Siku ya kazi mbili, 22 Juni

Leo mtihani wa hesabu. Alitoka na kalamu mbili na maji kwenye chupa. Nilimsindikiza mpaka njia kubwa, hapo akaniambia nirudi.

Amerudi jua likiwa bado kali. Akavua viatu, akaosha miguu, akala ugali wa bukari na dagaa wa ndakala, akaosha sahani, na ya kwangu pia. Nikauliza ilikuwa namna gani.

"Yale tulifika, nilijibu. Mengine hatukufika."

Nikauliza mengine ni mengi?

"Ni mengi, Tata."

Nilikuwa na mzaha tayari ulimini, juu ya trener, mzuri sana. Akaniona. Akasema, "Hapana leo." Kwa upole tu, kama anavyomwambia mtoto wa jirani.

Akachukua ndoo akaenda kisimani. Nimebaki nachambua maharage ya kesho. Mawe ni mengi mwaka huu.