Kuonja Nako ni Kula

Jumapili, Utange. Rasharasha tangu alfajiri, mvua ile isiyolowesha wala isiyokoma.

Nimeota tena nasujudu. Ndotoni sina uzito wowote. Nashuka tu, taratibu, magoti, viganja, kisha paji la uso linagusa mkeka na harufu ya ukindu inanijaa puani. Nabaki hapo hapo, hakuna anayeniharakisha. Nilipoamka nilikuwa bado natabasamu, mpaka nilipojigeuza na magoti yakanikumbusha mimi ni nani.

Mwaka wa tatu huu naswali kwenye kiti cha plastiki. Dini imeniruhusu, najua, na rukhsa ya Mola siidharau. Lakini nautamani mkeka wangu, wallahi.

Mimi ni mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi. Ukila pilau ya sufuria kubwa huku Kisauni, huenda mwiko niliushika mimi. Mwili nao umekua pamoja na masufuria. Watu huniambia, "Mashallah, umenawiri," nami hucheka nao. Sukari na presha ndizo hazijui kunisifu.

Ndiyo sababu mwezi uliopita nilikwenda kwa daktari wa upasuaji wa kupunguza uzito. Nilitarajia mzee mwenye miwani. Nikamkuta binti wa Kigiriama, mdogo kuliko mwanangu Saumu, akaniamkia shikamoo kabla sijakaa. Akachukua karatasi, akanichorea matumbo.

Njia moja ni kukata sehemu kubwa ya tumbo na kuitoa kabisa, tumbo libaki jembamba mfano wa ndizi. Kilichotolewa hakirudi, na njaa nayo hupungua, maana sehemu ile ndiyo huiamsha zaidi. Nyingine, madaktari hutenga kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo, wakakiunganisha na utumbo kule mbele, chakula kikapita njia ya mkato. Hiyo huwafaa sana wenye sukari kama mimi, lakini vidonge vya vitamini utameza maisha yako yote, na ukila vitu vitamu waweza kutetemeka na kutokwa na jasho.

"Na halwa je?" nikauliza.

"Halwa ndiyo hasa, mama."

Uko pia mkanda wa kulibana tumbo kwa juu, unaolegezwa na hata kutolewa, ila siku hizi hautumiki sana. Na liko puto, hilo huingizwa kwa mdomo bila kisu, likakaa miezi kadhaa kisha likatolewa. Akaniambia wazi kwamba hakuna hata moja iliyo muujiza. Usipobadilisha ulaji, uzito hurudi.

Nilikuwa namsikia kwa mbali. Nilitazama michoro ile nikaona masufuria tu, kubwa, dogo, jembamba, na moyoni nikawa najiuliza watanikata mimi au watakata upishi wangu. Mama yangu aliniachia mwiko na ulimi, basi. Sina kingine.

Akanipa daftari. Wiki mbili niandike kila kinachoingia mdomoni, ndipo tuchague njia.

Nikaandika, tena kwa uaminifu. Chai ya rangi bila sukari. Mkate wa kumimina, kipande. Mchicha. Samaki wa kupaka, nusu. Saumu alilisoma akasema, "Mama, hiki chakula cha kuku." Alhamisi iliyopita nikalipeleka kifua mbele. Daktari akasoma, akanipandisha kwenye mizani, uzito umeongezeka. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mama, unapika shughuli kila wiki. Huonji?"

Nikacheka. "Aka! Kuonja si kula, mwanangu." Nikamweleza kwamba hata Ramadhani mpishi hugusa mchuzi kwa ncha ya ulimi, akatema, na saumu yake isiharibike. Nimelijua hilo tangu nikiwa mtoto jikoni kwa mama.

"Ramadhani unatema," akasema. "Na siku nyingine?"

Siku nyingine nameza.

Nilitaka ardhi ipasuke. Akanirudishia daftari, nianze upya, nirudi Alhamisi ijayo.

Jana tulikuwa na harusi Mikindani, nikalichomeka daftari kwenye kanga. Supu ya nyama, kijiko, kisha kingine cha kuhakikisha chumvi. Kipande cha nyama kuona kama imelainika. Kiazi. Kiazi tena. Mahamri ya kwanza kutoka kwenye mafuta. "Hebu onja na hii, Bi Zuhura," wananiletea wenyewe, na mpishi hakatai. Kabla pilau haijapaliwa makaa juu ya kifuniko nilikuwa nimejaza kurasa mbili. Miaka yote hii chakula kikipakuliwa husema sina njaa, nikakaa kando na kahawa yangu chungu, na watu hunihurumia kwamba nala kama kifaranga! Nami nilijihurumia pamoja nao. Hilo ndilo lililoniuma.

Sufuria ya pili nikaonja kiramadhani. Ncha ya ulimi, nikasogea kando, nikatema kwenye majivu. Saumu akaniona.

"Mama, umefunga leo?"

"Ehe, nimefunga," nikamjibu, tukacheka wote wawili.

Pilau ilitoka sawasawa. Wameisifu mpaka walipochoka. Basi huo ulimi ninaouogopea, hakuna kisu kitakachoufikia.

Nafikiri nitachagua ile njia ya mkato, kwa ajili ya sukari, daktari akiona nafaa. Naogopa, sitadanganya. Kulala usingizi wa dawa nikakatwa, naogopa sana.

Adhuhuri hii nimeutandika mkeka mbele ya kiti changu. Nimeinama mpaka pumzi zikaniishia, sijaufikia. Nimeuacha pale pale, sikuukunja.

Alhamisi, inshallah, nampelekea daktari daftari lote. Hata ukoko wa jana umo.