Utepe Uliofunga Banda la Kuku

Kaloleni, Nairobi
Jumatatu

Mama mpendwa,

Goti lako linasemaje tangu mvua ianze? Usilidanganye kwa kulichua tu, nenda hospitali. Mimi mwanao ni mzima, ila nina hasira. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu ukiniambia "mwanangu, wacha tu," nitawacha, na safari hii siwachi.

Ile hoteli tuliyokuwa tukipiga ngoma za isukuti kila Jumapili imevunja mkataba. Ulikuwa wa mwaka mzima, na tulikuwa tumefika mwezi wa tano tu. Meneja anadai tulitoroka kazi Jumapili mbili. Mama, hizo ni Jumapili za matanga ya Baba! Nani angempigia ngoma yake hadi kaburini kama si mimi, kifungua mimba wake? Kosa langu ni kwamba niliomba ruhusa kwa mdomo, tukapeana mikono, nikadhani imetosha kama huko kwetu. Mkataba unataka maandishi.

Basi meneja akatuita, akaweka karatasi mezani. "Wekeni sign hapa, ni ya kuonyesha tu tumeachana vizuri." Khamadi, yule wa ngoma ndogo, akaninong'oneza, "Bro, tusign tusonge. Hawa hatuwawezi." Nikakataa. Khamadi alirudi mtaani bila kunisemesha.

Kisha nikaenda kwa mama mmoja wakili tunayesali naye. Alisoma mkataba mara mbili, miwani puani. "Mngetia sahihi, mngekuwa mmekubali kuondoka wenyewe," akasema. "Hapo hamna kesi tena." Korti haitalazimisha hoteli iturudishe jukwaani, lakini tunaweza kudai fidia, maana mkataba unataka tupewe onyo kwanza, kisha notisi ya mwezi mmoja. Hatukupewa hata kimoja. Tena tusikae mikono kifuani, kwani hakimu atauliza kama tulitafuta kazi nyingine. Kwa hivyo tunafanya mazoezi katika ukumbi wa hapa mtaani, na Jumamosi tuna harusi Komarock. Khamadi amerudi. Amenuna, lakini anapiga vizuri.

Kilichobaki ni kuonyesha kwamba meneja alijua tuko matangani. Unakumbuka lile shada la maua ya plastiki ulilolicheka? Lilitoka hotelini. Utepe wake umeandikwa pole kwangu kwa kumpoteza Baba, na jina la hoteli liko chini yake. Nilipoondoka niliona umeutumia kufunga mlango wa banda la kuku.

Ufungue utepe huo, Mama, uweke kamba mahali pake. Usiufue, hata kama kuku wameuchafua. Mpe shemeji anayekuja huku Ijumaa.

Msalimie dada anayekukamulia ng'ombe, na mjomba aliyechimba kaburi. Mwambie mchungaji atuombee, lakini asituombee tusamehe kabla ya kesi.

Walimletea Baba maua, kisha wakasema nilitoroka. Siwezi kutia sahihi karatasi inayokana kwamba nilikwenda kumzika baba yangu. Sahihi yangu ni hii moja, nayo ni yako:

Shivachi