Kosa Lako Lilikuwa Kukosa Usingizi

Timbwani, Likoni

Mdogo wangu Mbeyu,

Niwie radhi kwa kimya changu. Tangu tukuzike nimeshika kalamu mara nyingi nikaiweka chini, kwa kuwa barua hii haina budi kuanza na uovu wangu.

Ulikuwa ukifagia uani kabla jogoo hajawika. Majirani wakasema asiyelala usiku ni mwanga, huzunguka na wachawi wenzake. Mimi, kaka yako, mwalimu na mzee wa kanisa, nikakuita mbele ya baraza. Ulijibu, "Kaka, mimi sikatai kulala. Usingizi ndio unaonikataa." Nikalifuta jina lako katika daftari la washiriki. Ulikufa likiwa limefutwa.

Sasa silali mimi. Nausikia ufagio wako uani. Kukicha natoka, nakuta majani yametapakaa vile vile.

Juma lililopita nilikwenda zahanati asubuhi. Benchi lilijaa watu wazima wa kanisa letu. Kila niliyemsalimu alisema ana kikohozi, na hakuna aliyekohoa. Mama Kadzo, muuza mikate, yule aliyekushtaki, alikuwa wa kwanza. Mtoa dawa akachungulia mlangoni, akacheka: "Haya, wenye kikohozi cha usiku! Jana nyinyi, juzi nyinyi. Likoni hii analala nani?"

"Wewe nawe!" akasema Mama Kadzo. "Toa dawa, usitoe siri."

Wengine wakainamisha vichwa. Zamu yangu ilipofika mtoa dawa akaniuliza, "Na wewe, Mwalimu?"

Nikasema, kikohozi. Nilirudi nyumbani na chupa ya dawa ya kifua, ile inayoleta usingizi.

Mbeyu, hukuwa peke yako. Tulikuwa wengi. Pengine hata siku ile barazani, tuliokuhukumu baadhi yetu tulikuwa tumekesha. Kila mmoja aliogopa kuitwa jina lile, basi tukakutwika wewe.

Jumamosi baraza litakutana. Nitasimama niseme kwamba silali, na kwamba nilimhukumu ndugu yangu kwa maradhi ya watu wote. Kisha nitaomba jina lako lirudishwe. Huenda wakalifuta na langu. Ninaogopa, sikufichi, lakini nitasimama.

Kwaheri, mdogo wangu. Lala.

Wakishakata shauri, niwe ndani ya kanisa au nje, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Kaka yako,
Yohana