Mawimbi Yaliyokuwa Yanavuja

Jumatatu ile mafundi walipopanda mnara wa simu nyuma ya nyumba yangu ndiyo siku tuliyoharibikiwa, kaka. Nimetoka ofisini kwao sasa hivi.

Mkuu wao kaniambia ile antena ni vijiantena vingi vimepangwa safu. Vya pembeni wamevipunguzia nguvu ili mawimbi yasivuje ubavuni, yaende mbele tu, mjini.

Nikamwambia sisi ndio tunakaa huko ubavuni.

Unajua alichonijibu? "Mzee, mlikuwa mnatumia mawimbi yaliyokuwa yanavuja. Hayakuwa yenu."

Hayakuwa yetu. Kama vile tuliiba.

Na siku ile shemeji yako ndiye aliyewapikia chai. Wakashuka, wakanywa, wakamwita mama, wakaenda zao. Hakuna aliyetuambia kitu.

Kesho yake shemeji yako kifua kikambana. Napigia gari la wagonjwa, hamna mtandao. Nikapanda mezani, nikapanda juu ya tangi, hamna. Niliporudi na gari la jirani, mkono wake ulishapoa.

Nimemuuliza mkuu jambo moja tu: mlipokuwa mnakunywa ile chai, hakuna hata mmoja wenu aliyejiuliza huyu mama anapiga simu kwa mawimbi yapi?